Baba hali mayai, nyama ni Jumapili tu, LDL yake (ile kolesteroli mbaya) 5.3. Kolesteroli inatoka wapi, na statini, dawa ya kuishusha, inazima nini hasa?

#1 MwanaMoro
Habari za jioni wanajukwaa. Mzee wangu ana miaka 67, mstaafu, tunaishi naye Morogoro. Nyama ni Jumapili, mayai hagusi, sigara na pombe hajawahi. Kapimwa juzi na karatasi ninayo hapa mkononi: kolesteroli jumla 7.2, HDL (ile nzuri) 1.2, trigliseraidi (mafuta mengine ya damu) 1.6, LDL 5.3, zote kwa milimoli kwa lita. Sukari iko sawa. Presha anayo, anameza amlodipini 10. Daktari kamwandikia atorvastatini, aina ya statini, miligramu 20 kila siku.

Mzee kagoma. Anasema, "Mafuta siyali, sasa haya ya kwenye damu yametoka wapi? Na jirani aliyemeza hizo dawa miguu ilimwisha nguvu." Nikakosa jibu. Naomba mnisaidie: inatoka wapi kama hali? Dawa inazuia nini? Na hilo la misuli lina ukweli?

#2 MkwajuMkavu
Nyama Jumapili, sawa. Jumatatu mpaka Jumamosi mzee anakula nini? Hapo ndipo uzi ulipo.

#3 FamasiaMwanza
Mwambie mzee swali lake ni zuri kuliko anavyodhani. Kolesteroli nyingi haitoki kwenye sahani, mwili wenyewe unaitengeneza. Mtu mzima hutengeneza karibu gramu moja kwa siku. Chakula cha kawaida kinaleta kama miligramu 300, na hata hizo utumbo haufyonzi zote.

Malighafi ni asetili-CoA, kipande cha kaboni mbili anachobaki nacho mtu baada ya mwili kuvunja mafuta, wanga au pombe. Vipande vitatu vinaunganishwa kupata HMG-CoA. Kisha kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini) kinachoitwa HMG-CoA redaktesi kinaigeuza kuwa mevaloneti, na hatua hiyo ndiyo inayoamua kasi ya safari yote. Mevaloneti inazaa vipande vya kaboni tano, vinaungana kuwa 10, kisha 15. Viwili vya 15 vinashikana kuwa skwalini, kaboni 30. Skwalini ni mnyororo mrefu, unajikunja ghafla na kuwa lanosteroli yenye pete nne. Baada ya hapo zinaondolewa kaboni tatu, yanafanyika marekebisho hatua kwa hatua, unapata kolesteroli: kaboni 27, na zote asili yake ni asetati. Konrad Bloch na Feodor Lynen walipata Nobel mwaka 1964 kwa kuifuatilia njia hii.

Statini inakaa kwenye redaktesi na kuizuia. Kwa hiyo ugali wa mzee unaweza kuishia kuwa kolesteroli bila yai kupita mezani.

#4 Kamau_Thika
Kwa hivyo mayai tulikatazwa bure? Mimi nimewacha mayai kitambo kwa hofu, na nilikuwa nayapenda sana.

#5 FamasiaMwanza
Kamau, si bure kabisa. Kiini cha yai moja kina miligramu zisizopungua 180. Ukila nyingi, ini la watu wengi linapunguza lenyewe uzalishaji, namba inapanda kidogo tu. Wapo ambao ini lao halipunguzi vya kutosha, hao namba inapanda sana. Kwa wengi, kinachosukuma LDL kuliko yai ni mafuta yanayoganda: siagi, mafuta ya ng'ombe, samli. Yanapunguza uwezo wa ini kuivuta LDL kutoka kwenye damu.

#6 BintiKigoma
Mbona hukutaja mawese?

#7 FamasiaMwanza
Mawese yamo. Karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina hiyo. Na ya nazi yamepita hata siagi, zaidi ya asilimia 80.

#8 BintiKigoma
Nilijua mtafika kwenye mawese na nazi. Bibi yangu kapikia mawese mpaka kazeeka, migebuka, maharage, kisamvu, kila kitu, na moyo wake haukuwahi kumsumbua. Nyie wa mjini mnakaa kwenye kiti kutwa nzima mkishindwa mnalaumu mchikichi.

#9 MkwajuMkavu
Dada, bibi alipimwa LDL lini?

#10 BintiKigoma
Hakupimwa, na hakuumwa. Wewe umepimwa?

#11 MkwajuMkavu
Haya, nimekubali, nikapime kwanza ndipo nirudi hapa 😂

#12 DeleLaShaba
Salaam. Mleta mada, hujasema kuhusu kahawa. Mzee anakunywa? Na ya aina gani?

#13 MwanaMoro
Kahawa! Anakunywa sana. Kila alasiri anashuka kijiweni kwenye bao, kahawa chungu vikombe havihesabiki, na asubuhi mama anamchemshia ya unga nyumbani. Inahusiana?

#14 DeleLaShaba
Inahusiana, na madaktari wengi hawaulizi. Kahawa ina kitu kinaitwa kafestoli, kiko kwenye mafuta ya punje yenyewe. Ukichemsha unga wa kahawa pamoja na maji, kafestoli inabaki kwenye kikombe. Ukiipitisha kwenye karatasi ya kuchujia, karatasi inaishika. Watu wa kaskazini mwa Norway, Tromsø, waligundulika hivyo miaka ya 1980: wanywaji wa kahawa ya kuchemsha walikuwa na kolesteroli ya juu kuliko wenzao. Kahawa ya dele ni hiyo hiyo ya kuchemsha. Tazama chini ya kikombe cha kijiweni, ule utelezi juu na mashapo chini, vyote vinaingia tumboni.

Inafanyaje kazi? Ini linaondoa kolesteroli kwa kuigeuza kuwa asidi za nyongo, na hiyo ndiyo njia yake kubwa ya kutoka mwilini. Kafestoli inapunguza ubadilishaji huo. Kolesteroli ikirundikana kwenye ini, LDL haivutwi tena kwa nguvu.

Ya unga wa papo kwa papo haina shida, kafestoli yake ni kidogo mno. Na arabika inayo zaidi kuliko robusta, kwa hiyo wa Kagera wana nafuu kuliko wa Moshi.

#15 Kamau_Thika
Hii ya kahawa sikuwahi kuisikia. Lakini inaweza kweli kutoa mtu 3.5 mpaka 5.3?

#16 DaktariKijana
Haiwezi peke yake, Kamau. Mnywaji mzito wa kahawa isiyochujwa anaweza kuongeza nusu milimoli, pengine zaidi kidogo kama vikombe ni vingi sana. 5.3 inahitaji maelezo mengine. MwanaMoro, kabla ya kubishana kuhusu chakula, mambo mawili.

Kwanza tezi ya thairoidi. Ikilegea, vipokezi vya LDL kwenye ini, vile vinavyoivuta kutoka kwenye damu, vinapungua na LDL inapanda, mgonjwa mwenyewe anahisi uchovu na baridi tu, au hahisi kitu. Kipimo cha TSH ni cha damu, hakina usumbufu. Tena mtu mwenye thairoidi dhaifu akipewa statini, ndiye anayeumwa misuli kirahisi.

Pili urithi. LDL ikizidi 4.9 kwa mtu asiye na sababu nyingine tunauliza kama ni ya kurithi. Si ugonjwa adimu, karibu mtu 1 katika kila 250 au 300 amezaliwa na nakala moja mbovu ya jeni. Je, ndugu zake yupo aliyekufa ghafla kabla ya miaka 55? Mwangalie nyuma ya visigino, kano iliyo juu ya kisigino ikiwa nene na yenye vinundu, hiyo ni alama. Mwangalie na macho, duara jeupe kuzunguka mboni, ingawa kwa umri wake hilo la macho halina uzito.

#17 MwanaMoro
Asante daktari. Baba yake mdogo alianguka shambani akafa, alikuwa na miaka kama 50. Familia ilisema karogwa.

#18 DaktariKijana
Pole. Andika hilo kwenye karatasi mpe daktari wake.

#19 KaboniTano
FamasiaMwanza kaieleza njia vizuri sana #3. Niongeze hapo kwenye dawa, maana watu wengi wanadhani LDL inashuka kwa sababu ini limezuiwa kutengeneza. Hiyo ni sehemu ndogo. Seli ya ini ikikosa kolesteroli ya kutengeneza yenyewe, inaamsha protini inayoitwa SREBP-2, ambayo inakwenda kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni ya kipokezi cha LDL. Vipokezi vinaongezeka juu ya ini, vinaikamata LDL inayopita kwenye damu, vinaimeza. Damu inasafishwa kwa sababu ini limepata njaa.

Ushahidi? Mtoto aliyerithi nakala mbili mbovu za jeni ya kipokezi, statini inamsaidia kidogo sana, japo redaktesi yake inazuiwa vizuri tu. Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas walivitambua vipokezi hivyo kwa kuchunguza wagonjwa wa namna hiyo, wakapata Nobel 1985.

Seli hiyo hiyo yenye njaa inaongeza pia redaktesi yenyewe, inajaribu kuishinda dawa. Ndiyo maana ukizidisha dozi mara mbili hupati mara mbili. Kila kuzidisha mara mbili kunaongeza kama asilimia 6 tu ya kushuka.

#20 FamasiaMwanza
Naunga mkono #19. Na hiyo asilimia 6 wagonjwa wangu hawaiamini. Anakuja na cheti cha 20 anaomba 80 apone haraka.

#21 Nyakato
Mimi nauliza la kizembe, nisamehewe. Kwa nini wazuie hapo mwanzoni kabisa? Si wangezuia hatua ya mwisho tu, ili vitu vingine vinavyotengenezwa njiani viendelee?

#22 KaboniTano
Hakuna uzembe hapo, walijaribu hivyo hivyo unavyosema! Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marekani ilikuwa na dawa inaitwa triparanoli, inazuia hatua ya mwisho kabisa. Kolesteroli ilishuka kweli. Lakini kilichokuwa kimebaki hatua moja kufika, desmosteroli, kikarundikana mwilini. Watu wakapata mtoto wa jicho, nywele zikanyonyoka, ngozi ikawa na magamba. Iliondolewa sokoni 1962.

Ukifunga barabara kwenye daraja la mwisho, magari yote yanasongamana hapo. Ukifunga kwenye njiapanda ya mwanzo, yanapata njia nyingine. HMG-CoA inayeyuka kwenye maji na mwili unajua kuivunja kurudi nyuma, haina pa kurundikana. Desmosteroli na wenzake ni mafuta, hayana pa kwenda.

Ila wasiwasi wako wa vitu vya njiani ni wa kweli. Kwenye mevaloneti zinachipuka njia nyingine: ubikwinoni, ambayo wengi mnaifahamu kwa jina la CoQ10, na mikia ya mafuta inayoshikishwa kwenye protini nyingi ili zikae kwenye utando wa seli. Hata dawa za mifupa kama asidi ya zoledroniki zinagonga njia hii hii, hatua chache mbele ya mevaloneti.

#23 Nyakato
Shukrani mkuu. Kumbe.

#24 MzeeKifimbo
Vijana, hizi dawa ni za wazungu kutuuzia maradhi. Zimeanzia maabara ya kampuni gani?

#25 KaboniTano
Shikamoo mzee. Zimeanzia kwenye kuvu, tena mkononi mwa Mjapani. Akira Endo, mtoto wa mkulima kutoka Akita, alikuwa akifanya kazi kampuni ya Sankyo, Tokyo. Kuanzia 1971 yeye na wenzake wachache walichunguza aina zaidi ya 6000 za kuvu na vijidudu wengine. Wazo lake lilikuwa kwamba kuna kuvu watakaokuwa wanatoa sumu ya kuwazuia washindani wao kujenga utando wa seli. Walikuwa wanachukua mchuzi aliomea kuvu, wanauchanganya na vimeng'enya vya ini la panya na asetati yenye kaboni ya mionzi, kisha wanapima ni kiasi gani cha mionzi kimeingia kwenye kolesteroli. Kisipoingia, kuna kitu humo. Mwaka 1973 wakakipata kwa Penicillium citrinum, ukungu wa buluu na kijani uliokuwa kwenye mchele wa duka la nafaka huko Kyoto. Wakakiita kompaktini.

Wakawapa panya hai, kolesteroli haikushuka! Kampuni karibu ifunge mradi. Endo akaomba kuku wa mayai waliokuwa wanafanyiwa majaribio na mwenzake, akawapa, ikashuka sana. Kwa mbwa na nyani ikashuka pia. Mwaka 1978 daktari Akira Yamamoto wa Osaka akampa binti wa miaka 18 mwenye ile kolesteroli ya kurithi, nakala zote mbili za jeni zikiwa mbovu. Ilishuka kiasi, lakini binti akapata udhaifu wa misuli, wakasimamisha, wakarudi na dozi ndogo. Kwa hiyo suala la misuli liko tangu mgonjwa wa kwanza kabisa.

Kompaktini yenyewe haikufika dukani, ilisimamishwa 1980. Merck wa Marekani wakapata ndugu yake, lovastatini, kwenye kuvu mwingine, Aspergillus terreus. Endo naye kwa upande wake akaipata molekuli hiyo hiyo kwenye Monascus, kuvu wa wali mwekundu wa Kichina. Lovastatini ikaruhusiwa Marekani 1987. Endo alifariki 2024 akiwa na miaka 90, na Nobel hakupewa. Mimi hilo linaniuma mpaka leo.

#26 MzeeKifimbo
Marahaba. Kuku wamemwokoa Mjapani. Hapo umenipata.

#27 Kamau_Thika
KaboniTano, sasa eleza hiyo molekuli yenyewe inaishikaje redaktesi. Nilisoma kemia kidogo chuo, nataka kuelewa.

#28 KaboniTano
Kila statini ina kichwa na mwili. Kichwa ni kilekile kwa zote: mnyororo mfupi wenye haidroksili mbili na asidi mwishoni, unaofanana sana na HMG na mevaloneti. Kimeng'enya kinaukosea, kinaukaribisha. Kisha mwili wa dawa, ile sehemu pana yenye pete, unajibana kwenye nafasi ya karibu na kuzuia HMG-CoA halisi isiingie. Ushikaji wake ni imara maelfu ya mara kuliko ule wa HMG-CoA yenyewe. Eva Istvan na Johann Deisenhofer walichapisha picha za fuwele mwaka 2001 zikionyesha statini sita zikiwa zimekaa ndani ya redaktesi, moja moja.

Lovastatini na simvastatini zinamezwa kichwa kikiwa kimefungwa duara, umbo la laktoni. Zikiwa hivyo hazifanyi kazi. Ini linaufungua mduara ndipo kichwa kinafaa. Simvastatini ni lovastatini iliyoongezwa kaboni moja tu pembeni. Pravastatini ni kompaktini iliyopewa bakteria aichomeke haidroksili. Hizo zote ni za kuvu.

Atorvastatini ni ya maabara mwanzo mwisho. Bruce Roth wa kampuni ya Parke-Davis aliitengeneza 1985, katikati akaweka pete ya piroli badala ya yale mapete ya kuvu, na kando yake feneli yenye florini. Rosuvastatini ina pirimidini na kikundi cha salfonamidi kinachopata mshiko mmoja wa ziada kwenye kimeng'enya, ndiyo maana miligramu 10 zake zinashindana na 20 au zaidi za atorvastatini.

#29 Nyakato
Basi ndiyo sababu simvastatini wanasema meza usiku?

#30 FamasiaMwanza
Ndiyo. Mwili unatengeneza kolesteroli zaidi usiku, na simvastatini inaisha damuni baada ya saa chache. Atorvastatini nusu yake inakaa kama saa 14, rosuvastatini kama 19, hizo meza hata saa sita mchana ili mradi usisahau.

Na MwanaMoro, niliona amlodipini kwenye posti yako ya kwanza. Daktari kachagua vizuri. Amlodipini na simvastatini hazipatani sana, simvastatini isizidi 20 zikiwa pamoja. Atorvastatini haina kikomo hicho kwa amlodipini. Asije akabadilishiwa dukani kwa sababu moja imeisha na nyingine ni "ile ile". Soma jina nyuma ya pakiti, herufi kwa herufi.

#31 JiraniMwema
Niongeze kwa wale wanaotumia ARV, na tuko wengi humu tunaosoma bila kuandika. Ukiwa kwenye laini ya pili yenye ritonaviri, simvastatini usiiguse kabisa. Ritonaviri inazuia kimeng'enya cha ini kinachoivunja, inarundikana, misuli inaharibika. Walio kwenye dolutegraviri hawana shida hiyo. Na watu wenye VVU wana hatari kubwa zaidi ya moyo, utafiti mkubwa wa 2023 ulioitwa REPRIEVE ulitumia pitavastatini, ulikuwa na vituo mpaka Uganda, ukaonyesha matukio makubwa ya moyo yamepungua kwa zaidi ya theluthi moja. Waulizeni wauguzi wenu kliniki.

Juisi ya balungi nayo inafanya kama ritonaviri, kwa kiasi kidogo.

#32 MwanaMoro
JiraniMwema, ubarikiwe kwa kuandika. Sasa misuli jamani. Mzee hiyo ndiyo hoja yake kubwa.

#33 KipusaWaUkerewe
Mimi niseme langu. Nilipewa simvastatini 40, mapaja yakauma kama nimelima kutwa. Nikaambiwa ni mawazo. Nikaacha, yakaisha. Nikabadilishiwa rosuvastatini 5, mpaka leo sina maumivu. Mtu asiniambie ni mawazo.

#34 DaktariKijana
Hakupaswa kukuambia hivyo, dada. Lakini na hili ni la kweli: Imperial College ya London walichukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya maumivu, wakawapa miezi mingine statini, mingine vidonge visivyo na dawa, bila wao kujua ni kipi, na mingine hakuna kidonge kabisa. Karibu asilimia 90 ya maumivu ya miezi ya statini yalitokea pia kwenye miezi ya vidonge vitupu. Maumivu yalikuwepo, ila mengi hayakusababishwa na dawa. Kumeza kidonge kwa hofu kunatosha.

#35 KaboniTano
Daktari, hiyo ni kweli kwa maumivu ya kawaida, ila usiimalizie hapo. Kuna jeni ya SLCO1B1, inatengeneza mlango wa ini wa kuingizia statini. Mwenye toleo dhaifu, simvastatini inabaki damuni na kwenda kwenye misuli. Kwa dozi ya 80 tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba Marekani ilizuia wagonjwa wapya kuanzishiwa 80 mwaka 2011. Na serivastatini iliondolewa duniani kote 2001 kwa sababu misuli ilikuwa inayeyuka na watu wakafa. Ya Kipusa ilikuwa 40 ya simvastatini, akahamia rosuvastatini ambayo haipendi mafuta na haiingii kirahisi kwenye misuli. Inawezekana kabisa ni jeni.

#36 DaktariKijana
Inawezekana. Au ni kwamba alibadilishiwa na mtu aliyemsikiliza.

#37 BintiKigoma
Na ile CoQ10 ya #22? Si dawa inaipunguza? Maduka wanaiuza kwa bei mbaya kama tiba ya misuli.

#38 FamasiaMwanza
Ya kwenye damu inapungua kweli, kwa sehemu kwa sababu LDL ndiyo inayoibeba. Lakini majaribio ya kuwapa watu CoQ10 ili maumivu yaishe yametoa majibu yanayopingana. Siuzi kwa ahadi hiyo.

MwanaMoro, cha kumwambia mzee ni hiki: mkojo ukiwa wa rangi ya soda nyeusi, misuli imelegea kweli kweli, acha dawa siku hiyo hiyo nenda hospitali. Hiyo ni nadra mno. Maumivu mengine ya kawaida, rudi kwa daktari, dozi au aina inabadilishwa.

#39 Olmoti
Nimesoma wote. Mimi ni Mmaasai wa Monduli, na hamjatugusa. Wazee wetu walikuwa wanakunywa maziwa lita kwa lita, nyama, damu, na kolesteroli yao ilikuwa chini kuliko ya wazungu waliokuja kuwapima. George Mann alikuja Tanganyika na timu yake, wakachapisha 1964, wanaume 400, dalili za ugonjwa wa moyo karibu hakuna. Mafuta ya ng'ombe ya #5 yalikuwa wapi siku hiyo?

#40 MkwajuMkavu
Hapo ndipo nilipokuwa napangojea!

#41 KaboniTano
Olmoti, hiyo ni hoja nzito, na majibu yapo mengi kuliko hitimisho. Kang-Jey Ho na Bruce Taylor waliwachunguza Wamaasai, wakachapisha 1971: walipoongezewa kolesteroli kwenye chakula, ya damuni haikupanda. Walikuwa wanaifyonza kwa wingi, lakini miili yao inakata uzalishaji kwa ukali kuliko wengine. Yaani redaktesi yao inazimwa na chakula chenyewe. Kwa mtazamo huo ni urithi.

#42 Rotich_Bomet
Au ni maziwa yenyewe. Mann alirudi na Anne Spoerry, yule daktari wa ndege wa AMREF, wakawapa vijana wa Kimaasai maziwa mgando kwa wingi. Waliongezeka uzito, na kolesteroli ikashuka badala ya kupanda. Mann akadhani kuna kitu kwenye maziwa yaliyochachuka kinachozuia redaktesi. Sisi Wakalenjin tuna mursik, tunaichachua kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa. Statini ya kwanza ilitoka kwenye kuvu, kwa nini nyingine isitoke kwenye kibuyu?

#43 FamasiaMwanza
Kuna wanaosema ni miti. Supu ya nyama ya Kimaasai inatiwa magome, olkiloriti na mengine, yana saponini na tanini, na saponini zinazuia kolesteroli isifyonzwe utumbo.

#44 DaktariKijana
Na kuna wanaosema ni miguu. Utafiti wa 2010 wa Watanzania ulipima nguvu wanayotumia Wamaasai kwa siku juu ya ile ya kupumzika, ikawa zaidi ya kalori 2500, mtu wa mjini hafikishi hata 1000. Tena Mann mwenyewe 1972 alichapisha uchunguzi wa mioyo ya Wamaasai 50 waliofariki. Mishipa ilikuwa na utando wa mafuta, kama ya wazee wa Marekani! Ila ilikuwa mipana kuliko kawaida, damu ikapita. Kwa hiyo hata hiyo "hawakuwa na ugonjwa" inahitaji kusomwa kwa makini.

#45 Olmoti
Utando ulikuwepo na hawakufa kwa moyo. Hilo lenyewe linatosha kuuliza kama namba ndiyo kila kitu.

#46 KaboniTano
Namba si kila kitu, ila mwaka 1994 utafiti wa nchi za Skandinavia, 4S, wagonjwa 4444 waliokwisha kuugua moyo, simvastatini ilipunguza vifo kwa asilimia 30. Waliokufa walikuwa 256 upande wa vidonge vitupu, 182 upande wa dawa. Hao 74 ni watu.

#47 Rotich_Bomet
Hakuna anayekataa hao. Hao walikuwa wameshaugua. Mzee wa MwanaMoro hajaugua.

#48 MwanaMoro
Mrejesho. TSH ya mzee imetoka 2.1, daktari kasema thairoidi haina tatizo. Visigino nimeviangalia, sioni vinundu. Amekubali kuanza dawa baada ya kumsomea habari ya kuku wa Mjapani, na ya nyumbani sasa anakunywa ya unga wa papo kwa papo. Kijiweni bado.

#49 DeleLaShaba
Ungemwachisha kahawa kwanza miezi miwili ukapima, ndipo dawa. Sasa ikishuka hutajua ni nini kimeishusha.

#50 DaktariKijana
Miaka 67, presha, LDL 5.3. Simshauri asubiri kwa ajili ya jaribio la kahawa.

#51 KaboniTano
Naona hoja ya Dele. Kama si dharura, wiki sita za kahawa iliyochujwa hazimuui mtu na tungejifunza kitu.

#52 MwanaMoro
Kabla hamjaendelea. Dada yangu wa Dodoma kasoma uzi huu akaenda kupima. Ana miaka 38, mwembamba, kahawa hanywi kabisa. LDL yake 5.6.

#53 DaktariKijana
Basi rudi kwenye #16. Naye apime TSH, aangaliwe visigino na mtu anayevijua, na watoto wake wapimwe. Kama ana ujauzito au anautarajia aseme kabla ya kupewa statini yoyote.

#54 BintiKigoma
Na anapikia mafuta gani? Maana nyie wawili mmelelewa jiko moja.

#55 MwanaMoro
Nazi. Mama ni wa Bagamoyo, hapikii kingine.